Nyamazisha Cheche Pale Zinapozaliwa

(Haya ni mazungumzo tuliyowapa vijana wa karakana pamoja na wazazi wao, wakijiandaa kwa siku ya maonyesho ya kazi za mikono. Tumeyaandika hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.)

 

Tumeombwa tuzungumze juu ya kitu kidogo sana, kidogo kama punje ya mahindi. Ni kapasita zinazofungwa kwenye mota ya gari la kuchezea, lile linaloendeshwa kwa rimoti. Pengine kuna mzazi ameketi pale nyuma anajiuliza: hayo ni mambo ya watoto, mbona na sisi tumeitwa? Subirini kidogo, mtaona kwamba yanawahusu.

Vijana wetu wamekusanya magari yaliyokufa, mengine kutoka kwa mitumba, mengine kutoka majumbani, wakayafufua. Hiyo ni kazi nzuri na tunawapongeza. Lakini magari hayo yameleta malalamiko mawili.

La kwanza ni la majirani. Gari likianza kukimbia uani, redio ya mzee inaanza kukwaruza, na hapo mzee alikuwa akisikiliza matangazo ya vifo. Tangazo la namna hiyo halirudiwi mara kumi. Ukikosa kusikia jina, umekosa mazishi ya mtu wako.

La pili ni kubwa zaidi. Gari lenyewe linaasi. Kijana anageuza kushoto, gari linatetemeka, linakwenda kulia, ama linakaza mwendo moja kwa moja kama limepagawa. Sasa gari la ukubwa wa moja kwa kumi, lenye mota ya aina ya 540, lina uzito wa kilo moja na nusu hivi, na linaweza kufika kasi ya kilomita 25 kwa saa. Likimgonga mtoto wa miaka mitatu mguuni, huo si mchezo tena. Na likikimbilia barabarani, mtoto atalifuata.

Malalamiko hayo mawili yana mzizi mmoja. Mzizi wenyewe ni cheche.

CHECHE NI KITUO KIDOGO CHA REDIO

Fungueni mota yoyote ya aina hii, mtakuta mkebe wa chuma wenye sumaku mbili ndani. Katikati kuna rota, ile sehemu inayozunguka, yenye koili tatu za waya wa shaba. Mwisho wa rota kuna komuteta, yaani pete ya shaba iliyokatwa vipande vitatu. Juu ya pete hiyo zinagusa brashi mbili za makaa, kila moja ikisukumwa na springi yake. Stima ya betri inaingia kwa brashi moja, inapita kwenye koili, inatoka kwa brashi ya pili. Rota inapozunguka, brashi inahama kutoka kipande hadi kipande. Hapo ndipo penye taabu.

Koili haipendi stima yake ikatwe ghafla. Je, mmewahi kufunga mfereji wa maji kwa nguvu mkasikia bomba likigonga ukutani? Maji yaliyokuwa mbioni yametafuta pa kwenda yakakosa. Koili ni vivyo hivyo. Stima iliyokuwa ikipita inataka kuendelea, na ikikosa njia inaruka hewani. Hiyo ndiyo cheche mnayoiona usiku kupitia matundu ya mota.

Tufanye hesabu kidogo. Vipande ni vitatu, brashi ni mbili, kwa hivyo kila mzunguko una mikato sita. Mota ikizunguka mara 15,000 kwa dakika, hiyo ni mikato 90,000 kwa dakika, yaani 1,500 kila sekunde. Kila mkato na cheche yake.

Na cheche si mwanga peke yake. Kati ya mwaka 1886 na 1888, huko Karlsruhe, Ujerumani, mtaalamu Heinrich Hertz alionyesha kwamba cheche ya umeme inatoa mawimbi yanayosafiri hewani. Guglielmo Marconi alitumia cheche hizo hizo kutuma ishara, na mwezi wa Desemba 1901 akatangaza kwamba ishara yake imevuka bahari ya Atlantiki. Redio za kwanza za meli zilikuwa za cheche. Baadaye ziliachwa, na sababu moja ni kwamba zilitapakaza mawimbi kila pahali, moja ikamziba mwenzake.

Kwa hivyo kijana anayeendesha mota yenye cheche anaendesha kituo cha redio kisicho na leseni. Nyaya zinazotoka kwenye mota kwenda kwa betri ndizo antena yake.

Magari mengi ya zamani yanapokea ishara kwenye megahazi 27 au 40. Kelele ya cheche inafika huko bila shida. Kipokezi kiko sentimita 10 tu kutoka kwa mota, nayo rimoti iko mita 30 mbali. Nani atasikika? Ni kama mtu anayekunong'onezea kutoka ng'ambo ya uwanja, huku mwingine akipiga debe karibu na sikio lako.

Magari mapya yanatumia gigahazi 2.4. Huko juu kelele ya brashi ni hafifu, na namna ya kutuma ishara ina ujanja wa kukwepa kelele. Hata hivyo msiache mota uchi. Kelele bado inasafiri ndani ya nyaya hadi kwa sevo ya usukani na kidhibiti mwendo, na redio ya jirani bado iko pale pale.

KAPASITA INAFANYA NINI

Kapasita ni bamba mbili za metali zinazotazamana bila kugusana. Stima ya betri, ambayo imetulia kwa kiwango kimoja, haiwezi kupita hapo. Lakini stima inayobadilika haraka haraka inapita, na kadiri inavyobadilika haraka ndivyo inavyopita kwa urahisi.

Kapasita tunayoitaka ni ya mikrofaradi 0.1. Kwa megahazi 27, kizuizi chake ni kama ohm 0.06 tu. Hiyo ni kama hakuna kizuizi. Basi kelele ikitoka kwenye brashi inakuta njia mbili: safari ndefu ya nyaya mpaka kwa betri, ama njia ya mkato kupitia kapasita. Inachukua njia ya mkato na kurudi ilikotoka, haitoki nje kusumbua watu. Stima ya kuendesha gari haiguswi, na gari halipunguzi mwendo.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukiziba kelele pale penye brashi, umemaliza kwa shilingi chache. Ukiiacha itoke, utabadilisha kipokezi, utabadilisha rimoti, utagombana na jirani, na tatizo litabaki.

KUNUNUA NA KUCHAGUA

Mkifika dukani, iwe Luthuli Avenue mjini Nairobi au kwa fundi wa redio wa hapa karibu, ulizeni kapasita ya seramiki ya mikrofaradi 0.1, volti 50. Mara nyingi ni kidonge bapa chenye miguu miwili. Kimeandikwa 104. Someni hivi: 10, halafu sufuri nne, yaani pikofaradi 100,000. Hizo ndizo mikrofaradi 0.1. Mkiona 473, hiyo ni mikrofaradi 0.047, nayo yafaa kwa zile mbili zinazokwenda kwenye mkebe. Volti 50 zinatosha kabisa, maana betri ya magari haya mara nyingi ni ya volti 7.2.

Mnaweza pia kuzitoa kwenye bodi za redio zilizokufa, lakini kila moja ipimwe kabla ya kutumiwa.

Msichukue zile za elektroliti, zile zilizo kama kopo dogo na mstari wa alama ya kutoa ubavuni. Hizo zina upande wa chanya na upande wa hasi. Gari likirudi nyuma, stima kwenye mota inageuka, na kapasita hiyo inaweza kuvimba na kupasuka. Tena ni nzito, haziwahi kelele ya kasi namna hii.

Wala msiseme kubwa ndiyo bora. Kidhibiti mwendo cha kielektroniki huwasha na kuzima stima mara nyingi kila sekunde. Ukiweka kapasita kubwa mno kwenye mota, kidhibiti kinalazimika kuijaza kila mara. Kitapata joto bure, na mwisho kitaungua.

KAZI YENYEWE

Kwanza, ondoeni betri garini. Si kuzima tu, ni kuondoa. Kisha toeni mota na muichunguze. Mota nyingi hutoka kiwandani zikiwa na kapasita tayari, nyingine nje, nyingine ndani ya kifuniko. Zikiwa ziko na ni nzima, kazi yenu imepungua.

Pili, zibeni matundu yote ya mota kwa seloteip. Msiruke hatua hii. Ndani mna sumaku, na mkipiga tupa juu ya mkebe, unga wa chuma utavutwa ndani na kukwama. Mota iliyokula unga wa chuma haina maisha marefu.

Tatu, kwangueni sehemu mbili ndogo za mkebe, karibu na vichwa viwili vya mota, kwa tupa au msasa mpaka chuma king'ae. Solda haishiki juu ya rangi, kutu wala mafuta. Futeni vizuri ndipo mtoe seloteip.

Nne, tumieni chuma cha solda chenye nguvu, wati 60 au zaidi. Vijana wengi wanadhani chuma kidogo ni salama zaidi, lakini hapa ni kinyume. Mkebe unakula joto kama sufuria kubwa ya ugali. Chuma kidogo kitakaa hapo dakika nzima, joto litaenea mpaka kwenye plastiki ya vishikio vya brashi na kwenye sumaku, na solda bado haijashika. Chuma chenye nguvu kinamaliza kwa sekunde tatu hadi tano. Pakeni solda kwenye mkebe kwanza, iache ipoe, halafu ndipo mlete mguu wa kapasita. Isiposhika mara ya kwanza, acheni mota ipoe ndipo mjaribu tena.

Tano, fungeni kapasita tatu kwa mpango huu. Ya kwanza ni kutoka kichwa kimoja cha mota hadi kichwa cha pili. Ya pili ni kutoka kichwa cha kwanza hadi kwenye mkebe. Ya tatu ni kutoka kichwa cha pili hadi kwenye mkebe. Mtu atauliza, kwa nini mkebe? Kwa sababu kuna kelele inayopita kati ya waya na waya, na kuna nyingine inayotoka kwenye nyaya zote mbili kwa pamoja. Kapasita ya kwanza inaikamata ile ya kwanza. Zile mbili zinaikamata ya pili na kuirudisha kwenye mkebe, na mkebe unaifungia ndani. Kama kijana ana kapasita moja tu leo, aweke ile ya kati ya vichwa, kisha atafute mbili nyingine.

Sita, kateni miguu iwe mifupi kadiri inavyowezekana. Hapa tunataka msikilize sana, kwa maana ndipo kazi nyingi zinapoharibikia. Miguu ya kapasita nayo ni waya, na waya una tabia ya koili. Ukiacha kila mguu uwe na sentimita moja, miguu miwili kwa megahazi 27 inaleta kizuizi cha ohm 3 hivi. Kumbukeni kapasita yenyewe ilikuwa ohm 0.06. Umenunua mlango mpana, halafu umeujengea ujia mwembamba. Kapasita ikae kifuani pa mota, isining'inie kama hereni. Wala haina faida kuifunga upande wa betri, maana hapo kelele imeshapita kwenye waya wote.

Miguu iliyo wazi ivalisheni ganda la waya ili isigusane.

KUPIMA KABLA YA KUENDESHA

Chukueni mita, muiweke kwenye ohm. Pimeni kati ya kila kichwa cha mota na mkebe. Isionyeshe njia. Ikionyesha, kuna mguu umegusa mkebe ama kapasita imekufa. Halafu mkipima kati ya kichwa na kichwa mtaona ohm chache sana. Msiogope, hizo ni koili za mota. Lakini ndiyo sababu tunasema kapasita ya pale kati ipimwe kabla ya kufungwa. Ikiwa mbovu na iko tayari kwenye mota, mita haitakuambia.

Mkimaliza, sokoteni nyaya mbili za mota pamoja kama kamba. Stima inakwenda kwa moja na kurudi kwa nyingine, na zikisokotwa zinauana kelele. Kipokezi kikae mbali na mota, na antena yake isipite juu ya nyaya za mota.

Sasa tuna vipimo viwili visivyohitaji mashine ya gharama.

Kipimo cha redio: chukueni redio ndogo ya betri yenye mawimbi ya kati, muiweke kati ya kituo na kituo, hatua mbili kutoka kwa gari. Gari liwe juu ya tofali, magurudumu hewani. Washeni mota, sikilizeni. Fanyeni hivyo kabla ya kufunga kapasita na baada ya kufunga. Hata bibi asiyejua lolote juu ya kapasita atasikia tofauti.

Kipimo cha hatua: gari likiwa juu ya tofali, mmoja alishike, mwingine aende mbali na rimoti huku akigeuza usukani. Hesabuni hatua mpaka magurudumu ya mbele yaanze kutetemeka au kuacha kutii. Kwanza mota ikiwa imezimwa, halafu ikiwa inazunguka. Zikiwa hatua 60 mota ikilala na 20 mota ikiamka, kelele bado iko. Hatua hizo zikikaribiana, mmefaulu.

PALE KAPASITA HAITOSHI

Kapasita si dawa ya kila ugonjwa. Brashi zikiwa zimekwisha, springi imelegea, au komuteta imekuwa nyeusi na mitaro, cheche zitakuwa kubwa kupita kiasi. Safisheni komuteta, badilisheni brashi kama mota yenu inafunguka, na kama haifunguki nunueni nyingine. Kuna kijana atafunga kapasita kumi juu ya mota iliyochoka. Anampaka mgonjwa poda.

Pia mjue kutofautisha kelele na njaa. Gari likizima kabisa kila linapoanza kwa nguvu, halafu likarudi, pengine betri imedhoofika na volti za kipokezi zinaanguka. Hapo chajini betri, kazeni viungo vya nyaya. Kapasita haitasaidia.

Tuna onyo moja kwa wanaotengeneza vyombo vya nyumbani. Mashine ya kusagia matunda, drili na cherehani ya umeme nazo zina mota za brashi, nazo hufanya kelele. Msithubutu kufunga kapasita hizi za 104 huko. Stima ya ukutani ni volti 240, na kuna kapasita maalum za kazi hiyo, zenye alama ya X kwa kati ya nyaya na Y kwa kwenda ardhini, zilizoundwa ili zikiharibika zisimuue mtu. Kapasita ya kawaida ikipasuka ndani, mwili wote wa chombo unaweza kuwa na stima. Mama atashika, na hatapata nafasi ya kulalamika.

Na solda nyingi ina risasi. Fanyeni kazi penye hewa, vaeni miwani, msile mkiwa mezani, na oshe mikono kila mtu kabla ya kwenda nyumbani kushika mtoto.

TUNALOOMBA

Wazazi, hapa ndipo mnapoingia. Siku ya maonyesho watoto watakaa kando ya uwanja, na hakuna atakayeweza kuwazuia wasisogee. Kwa hivyo tunaomba tukubaliane sheria moja: gari lolote ambalo halijapimwa hatua, mota ikilala na mota ikiamka, halitagusa uwanja. Hata kama ndilo linalopendeza zaidi. Hata kama mwenyewe ni mtoto wa mwenyekiti.

Kipimo kifanyike mbele ya wazazi wawili, na hesabu ya hatua iandikwe kwenye kipande cha karatasi kinachobandikwa juu ya gari. Mzazi hahitaji kujua kapasita ni nini ili ahesabu hatua.

Vijana, fundi anayejua kunyamazisha mota ndogo amejifunza namna ya kufikiri itakayomsaidia kwenye mota ya waipa ya gari, kwenye feni ya betri, na kwenye redio ya matatu inayokoroma injini ikiwaka. Kila pahali swali ni lile lile: kelele inazaliwa wapi, na njia fupi ya kuirudisha ni ipi?

Meza iko tayari, chuma cha solda kimeshapata moto. Leteni magari, na wazazi wawili wasogee hapa mbele kuhesabu hatua.